Uliza Tukujibu: "Nikiambiwa nivute picha, hakuna kinachokuja"

Toleo lililopita tuligusia kwamba wapo watu wasioweza kuona picha yoyote akilini, hali inayoitwa afantasia. Barua zimekuja nyingi, na kadhaa zinauliza jambo lile lile. Tumezifupisha na kuziunganisha, na majina tumeyaacha.

Nilidhani "vuta picha" ni msemo tu. Juzi kazini nikagundua wenzangu wanaona kitu kweli. Mimi nikifumba macho ni giza tupu. Wanatia chumvi, au mimi ndiye mwenye kasoro? Nitajipimaje? (Karani, Dodoma)

Hawatii chumvi, nawe huna kasoro. Watu wengi wakimfikiria mama yao hujiwa na kitu kama picha. Kwa wengine ni hafifu, yenye ukungu. Kwa wachache ni angavu kana kwamba mama kasimama mlangoni. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya chakula cha asubuhi: mwanga wake, rangi zake, vitu vilivyokuwa juu yake. Baadhi yao, wanasayansi wakiwamo, walimjibu kwamba hawaoni chochote, na kwamba siku zote walidhani habari za "kuona akilini" ni mafumbo. Kama wewe. Jina afantasia lilikuja baadaye sana, mwaka 2015, pale Adam Zeman, daktari wa mfumo wa fahamu katika Chuo Kikuu cha Exeter, na wenzake walipoandika juu ya watu 21 waliokuwa hivyo tangu utotoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu karibu 4 katika 100 wana picha hafifu mno au hawana kabisa. Wasioona chochote, giza tupu kama lako, hawafiki 1 katika 100.

Wengi hujipima vibaya kwa sababu wanachanganya kujua na kuona. Unajua kwamba mlango wa nyumbani kwenu ni wa kijani, na ukiulizwa utajibu papo hapo. Swali letu ni jingine: wakati unajibu, kulikuwa na ukijani wowote uliouona? Lile jaribio la tufaha jekundu linalosambazwa kwenye simu, la kuchagua namba moja hadi tano kulingana na unavyoliona tufaha akilini, huangukia shimo hilo hilo. Tufaha kila mtu anajua lilivyo, kwa hiyo mtu huchagua namba kwa kujua.

Dodoso linalotumiwa zaidi na watafiti ni la David Marks, la mwaka 1973. Lina vipengele 16 katika mandhari nne: ndugu au rafiki unayemwona mara kwa mara, jua linapochomoza, duka unaloliendea sana, na mahali penye miti, milima na ziwa. Uzuri wake ni kwamba haliishii kwenye "unamwona?". Juu ya huyo ndugu linauliza umbo la uso, kichwa na mabega. Jinsi anavyokiweka kichwa na mwili. Mwendo na urefu wa hatua zake. Na rangi za nguo anazopenda kuvaa. Lifanye ukiwa huna usingizi. Soma kipengele, ukipe sekunde kumi au zaidi, ndipo uandike alama, kuanzia 1 (hakuna picha, unajua tu kwamba unalifikiria jambo) hadi 5 (wazi kama unaliona kwa macho). Lifanye macho yakiwa wazi, kisha ulirudie ukiwa umeyafumba, maana wapo wanaotofautiana. Kila mzunguko jumla ni kati ya 16 na 80. Ukipata 16 hakuna picha kabisa. Hadi 32 ni hafifu mno. Kuanzia 75 uko upande wa pili, wa wenye picha angavu kupita kawaida. Angalia tu mizani imeelekea wapi. Katika toleo la mwanzo la Marks, 1 ndiyo ilikuwa angavu na 5 ndiyo hakuna kitu. Matoleo mengi ya sasa yamegeuzwa, na mtu akisoma matokeo kwa mizani isiyo yake hujikuta ameambiwa kinyume.

Kama bado unajishuku kwamba labda hujui kujieleza tu, liko jambo ambalo haliendi kwa maneno. Kundi la Joel Pearson, Chuo Kikuu cha New South Wales huko Sydney, lilipima mboni za macho. Watu wa kawaida wakifikiria umbo linalong'aa, mboni husinyaa kidogo kana kwamba mwanga upo. Za wenye afantasia hazikusinyaa kwa kufikiria, ingawa kwa mwanga halisi zilifanya kazi sawasawa. Tena walipoambiwa wafikirie maumbo manne badala ya moja, mboni zao zilipanuka, dalili kwamba akili ilikuwa inahangaika na kazi. Walijitahidi. Picha haikuja.

Asalaam aleykum. Ninahifadhi Qur'ani, nimefika juzuu ya saba. Wenzangu wanasema wanausoma ukurasa kichwani. Mimi sioni ukurasa wala herufi, na aya zinazofanana zinanichanganya. Niendelee? (Mwanafunzi wa madrasa, Zanzibar)

Waaleykum salaam. Juzuu saba umezibeba bila ukurasa wa kichwani, kwa hiyo njia unayo tayari. Kinachokupa taabu ni kwamba unafundishwa kwa njia ya wenzako.

Endelea kutumia msahafu mmoja usiobadilika hata kama huuoni akilini. Ule wa Madina, wenye kurasa 604 za mistari 15, unafaa kwa kuwa kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Sababu ya kutoubadilisha ni hii: kujua kitu kiko wapi na kuona kinafananaje ni kazi mbili tofauti za ubongo, na wenye afantasia kwa kawaida ile ya kwanza iko salama. Unaweza kujua kwamba aya fulani inaanzia juu, ukurasa wa kushoto, bila kuona wino hata chembe. Itumie kwa mkono. Unapohifadhi, weka kidole pale aya inapoanza. Unaporudia bila msahafu, gusa mahali hapo hapo juu ya meza au paja.

Ukurasa ugawe vipande vitatu vya mistari mitano. Msikilize msomaji mmoja tu, usiruke ruke kati ya wasomaji, kwa sababu kwako sauti inafanya kazi ambayo kwa wenzako hufanywa na picha, na ukibadilisha sauti ni kama umebadilisha msahafu. Sikiliza kipande mara tano ukifuata kwa kidole, kisha kisome kwa sauti mpaka ulimi uzoee. Kimoyomoyo hakutoshi, mdomo lazima utembee. Halafu ndipo ukifunike.

Wasioona ukurasa hukwama zaidi kwenye maungio. Aya yenyewe inatoka vizuri, ikiisha, ukimya. Mwenye picha hapo huchungulia mstari unaofuata. Wewe huna pa kuchungulia. Basi maungio yahifadhi kama kitu cha peke yake: chukua maneno matatu ya mwisho ya aya na matatu ya mwanzo wa inayofuata, uyasome pamoja mara kumi bila kuvuta pumzi katikati. Ni kwa zoezi tu. Ukimsomea ustadhi, simama panapostahili kusimama. Fanya hivyo pia kati ya ukurasa na ukurasa. Hapo ndipo hata wenzako wenye picha huanguka.

Aya zinazofanana usizitegemee sikio peke yake, maana sikio ndilo linalodanganywa. Fungua daftari, kila jozi iwe na mstari wake, na uandike tofauti tu. Mfano, al-Baqara aya ya 58 ina "udkhulu", ingieni. Al-A'raf aya ya 161 ina "uskunu", kaeni. Andika neno, jina la sura, na sababu ya maana inayokusaidia kutenganisha. Sura zenye kiitikio ni ngumu zaidi: ar-Rahman inarudia aya moja mara 31, na ukikosa pa kushika unaweza kuruka kutoka kiitikio cha tano hadi cha kumi na mbili bila kujua. Usihesabu viitikio. Andika orodha ya neno la kwanza linalofuata baada ya kila kiitikio, uihifadhi hiyo orodha kama shairi, kisha urudi kwenye sura.

Murajaa yako, yaani kurudia ulichokwisha kuhifadhi, iwe ya mdomo, na mtu anayesikiliza awe ameshika msahafu. Ukirudia kwa kutupia macho ukurasa utajiona umehifadhi kumbe unasoma. Na mweleze ustadhi wako mapema, ili akikuuliza "ukurasa huu unaanza na nini" akupe muda wa kufika hapo kwa kuanzia aya ya nyuma.

Je, hali hii inarithiwa? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Hutokea zaidi ndani ya familia zilizo na mtu mwingine mwenye afantasia kuliko kwa watu kwa jumla. Haimaanishi wanao lazima wawe nayo, wala hakuna sababu ya kuwatafutia kipimo cha damu. Ukitaka kujua, siku moja mkiwa safarini waulize: "Paka wetu akija kichwani, anakuja na rangi, au unajua tu kwamba ni yeye?" Mtoto wa miaka minane na zaidi atakujibu vizuri kuliko watu wazima wengi.

Mteja akinielezea gauni namwelewa, lakini nguo siioni mpaka iwe imeshonwa. Mwenzangu anasema yeye anaiona nzima kabla hajashika mkasi. Tena nimewahi kukata mikono miwili ya kushoto. Nifanyeje nisije nikaharibu kitambaa cha mtu? (Fundi cherehani, Tanga)

Fundi, kazi ambayo mwenzako anaifanya kichwani wewe ifanye mezani. Itakula dakika ishirini zaidi kwa nguo moja, lakini hata mwenzako huwa anaona vibaya mara nyingine, tena yeye hana karatasi ya kurudia.

Anza na mteja. "Shingo nzuri, mkono wa kisasa" ni maneno yasiyopimika. Tengeneza kitabu cha picha: kurasa za shingo, za mikono, za sketi, kila picha na namba yake. Mteja aonyeshe kwa kidole, wewe uandike namba. Vipimo navyo usiviandike kwa orodha. Chora umbo la mwili mbele na nyuma, utoe nakala nyingi, na kila kipimo ukiandike pale kilipochukuliwa: kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, bega hadi kiuno, kiuno hadi chini. Katika orodha, kifua 96 na kiuno 98 hupita bila kushtua. Vikiwa juu ya mchoro, jicho linakataa hapo hapo, na unapima upya kabla mteja hajaondoka.

Kisha kitambaa. Mvishe mteja kitenge mabegani mbele ya kioo, kibane kwa pini, piga picha mbele na nyuma. Maua makubwa ndiyo yanayowaumbua mafundi wasioona nguo mapema, kwa sababu ua moja linaweza kukaa mahali pabaya kifuani. Tafuta katikati ya ua, tia chaki, ulinganishe na mstari wa katikati wa kipande cha mbele, na ukate kitambaa kikiwa safu moja, usikikunje. Kwa kila kipande kikubwa unachotaka kilingane, ongeza kitambaa cha kutosha ua lijirudie mara moja zaidi. Kama ni ndege au maandishi, hakikisha kila kipande kinatazama juu. Gauni lisilo na mshono begani litakupa ndege waliosimama vizuri mbele na walioning'inia kichwa chini mgongoni.

Mtindo mpya kabisa ushone kwanza kwa marekani au bafta ya bei nafuu. Refusha mshono uwe milimita 4 au 5 ili uweze kufumua kwa urahisi, acha sentimita 2.5 pembeni na 1.5 kwingine, mvishe mteja, chora marekebisho juu ya kitambaa chenyewe, fumua, halafu vipande hivyo viwe ndivyo ruwaza yako. Vinakilishe kwenye karatasi ya khaki ukiandika jina la mteja, tarehe, mbele au nyuma, na mshale wa mwelekeo wa uzi.

Kuhusu mikono miwili ya kushoto: usijilaumu. Wenye afantasia wakipewa kazi ya kuzungusha maumbo akilini kwa kawaida hupata jibu sahihi, ila mara nyingi kwa mwendo wa polepole, wakifuata hatua badala ya kutazama. Ukiharakishwa, hatua inarukwa. Mikono ikate daima kitambaa kikiwa kimekunjwa, uso kwa uso, na uandike "kulia" na "kushoto" kwa chaki kabla hujavitenganisha.

Nafundisha gredi ya tano. Mwanafunzi mmoja ni hodari wa hesabu, lakini kabla ya insha nikisema "fumbeni macho, lioneni soko" yeye anakaa tu, na insha yake inakuwa kavu. Ni uvivu? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu, hatuwezi kumpima mtoto kwa barua, lakini dalili hizo hazifanani na uvivu. Huenda zoezi lako linampa wenzake malighafi na yeye linampa giza.

Acha kufumba macho kwa darasa zima, hakuna atakayepungukiwa. Tundika picha ya soko, au bora zaidi wapeleke na daftari. Wape maswali: nani anauza nini, anasema nini kumvuta mteja, kinanuka nini, ardhi iko vipi chini ya viatu, nini kiko karibu na mkono wako wa kulia. Waandike maneno tu, ishirini hivi, kisha insha itoke humo. Usitegemee kwamba asiyeona picha atasikia sauti au harufu akilini. Takriban nusu ya wenye afantasia hukosa na hizo. Ndiyo maana maneno lazima yakusanywe kwanza kwenye karatasi. Na katika kusahihisha, usimkate alama kwa kukosa rangi za machweo kama ametoa mazungumzo yenye uhai. Wasomaji wa namna hii hata hadithini huruka maelezo ya sura za wahusika na kukaa kwenye vitendo na maneno yao.

Kuchora pia usimwondoe. Wilma Bainbridge na wenzake walichapisha mwaka 2021 jaribio ambapo watu walitazama picha za vyumba kisha wakavichora bila kutazama. Wenye afantasia walichora vitu vichache na rangi kidogo zaidi, lakini walivyovichora vilikaa mahali pake, na waliongeza vitu visivyokuwapo mara chache kuliko wengine. Walipochora huku wanatazama, tofauti ikapotea. Kwa hiyo awe na kitu mbele yake. Glen Keane, mchoraji mashuhuri wa katuni wa Marekani, haoni picha akilini, na Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, kadhalika.

Kwenye hesabu zenye maumbo, mchemraba ukifunguliwa unakuwaje, mpe boksi na mkasi. Mzunguko wa pembetatu afanye kwa karatasi nyepesi inayopitisha mwanga, akiizungusha kwa ncha ya penseli. Tahajia usimwambie "lione neno kichwani"; aliandike kwa mkono akitamka silabi. Kama mnafundisha hesabu za haraka kwa kufikiria shanga za abakasi, mruhusu asogeze vidole mezani siku zote, hata wenzake watakapokuwa wameacha.

Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Alianguka miezi miwili iliyopita, akashonwa kichwani, akarudi kazini. Sasa anasema hawezi tena kuiona njia kichwani, wala sura za watoto akiwa mbali. Hiyo ndiyo afantasia? (Mke, Kisumu)

Dada, barua yako tumeijibu tofauti na nyingine zote. Mtu aliyezaliwa bila picha hahitaji daktari. Mtu aliyekuwa nazo zikapotea anamhitaji, na mumeo ni huyo. Mpeleke hospitali yenye kipimo cha CT, cha kupiga picha za ndani ya kichwa, wiki hii, na asiendeshe pikipiki mpaka ameonwa.

Kupoteza picha baada ya jeraha au kiharusi kunajulikana tangu zamani. Mwaka 1883 Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, alieleza habari za mgonjwa aliyepoteza uwezo huo ghafla. Mwaka 2010 Zeman na wenzake waliandika juu ya mzee wa miaka 65 ambaye picha zilimpotea baada ya matibabu ya kufungua mishipa ya moyo. Aliendelea kutambua nyuso na kufaulu vipimo vingi, ila bila kuona kitu akilini. Sehemu za ubongo zinazohusika ziko nyuma na chini, zile zile zinazotusaidia kutambua nyuso, rangi na maandishi. Kwa hiyo mchunguze nyumbani kabla ya kwenda, uandike: anawatambua watu kabla hawajazungumza? Anasoma kama zamani? Anagonga vitu vya upande mmoja? Anapotea njia alizozizoea? Rangi zimefifia?

Mwambie daktari tarehe ya ajali, kama alipoteza fahamu na kwa muda gani, lini picha zilianza kukosekana, na dawa anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda. Damu inayovuja taratibu juu ya ubongo inaweza kujionyesha wiki kadhaa baada ya kuanguka. Ndiyo maana "alishonwa akapona" haitoshi. Wampime shinikizo la damu na sukari pia. Usisubiri miadi akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, kupata degedege, mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea, au maneno yakichanganyika. Hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Kitu kingine kinachoweza kufifisha picha ni sonona, hasa ile inayomfanya mtu ajihisi yuko mbali na mwili wake. Baada ya ajali hilo hutokea, kwa hiyo litajwe pia.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Ndugu zangu wanasema wakifumba macho wanamwona. Mimi siwezi, na nilirudi kazini haraka kuliko wao. Najiuliza kama nilimpenda kweli. (Msomaji, Muscat)

Pole sana kwa msiba. Baadhi ya wenye afantasia hurudi kwenye shughuli mapema kwa sababu hawavamiwi na picha za marehemu wakiwa katikati ya kazi, na jamaa wasiojua huwasema. Waeleze ndugu zako hivyo hivyo, kwa maneno machache.

Kwa kuwa picha haiji yenyewe, iwekwe pa kuonekana. Chagua zile zisizopangwa: mikono yake ikikuna nazi, amekaa barazani, ameangalia pembeni. Picha za studio hufanana zote. Ujumbe wa sauti aliokutumia kwenye simu usiuache ndani ya programu ya kutumiana ujumbe, maana simu ikiharibika unaondoka nao. Uhamishe kama faili, uweke sehemu mbili. Kisha andika: alivyokuita, neno alilolirudia akikasirika, alivyofunga mtandio, alikaa upande gani wa meza. Waulize na ndugu zako wanaomwona wakueleze wanachokiona, ukiandike. Kama baba yupo, mrekodi sasa akizungumza, dakika kumi zinatosha kwa kuanzia.

Kuna mtu mtandaoni anauza mafunzo ya siku 30 ya kurudisha picha akilini, na vidonge juu yake. Ninunue? Mbona usiku naota kwa picha? (Kijana, Dar es Salaam)

Usinunue. Hakuna mafunzo wala kidonge kilichothibitishwa kuwapa picha watu waliozaliwa bila nazo. Shuhuda unazozisoma zinatoka kwa watu waliojipa alama wenyewe kabla na baada ya kulipa, na aliyekwisha kulipa huhesabu hata weusi unaochezacheza nyuma ya kope kuwa ni mwanzo wa picha. Ndoto ni jambo la kawaida: wenye afantasia wengi huota kwa picha, kwa sababu ndoto haiiti picha kwa hiari. Kinachokosekana kwako ni kule kuiita ukiwa macho.

Nilivamiwa na wezi, sasa ninapata ushauri nasaha. Mshauri ananiambia nifumbe macho nijione nimekaa ufukweni. Sioni kitu, na naona haya kumwambia. (Msomaji, Nairobi)

Mwambie kikao kijacho, kabla hamjaanza, kwa sentensi hii: "Akili yangu haitoi picha, kwa hiyo mazoezi ya kuona hayanifikii, naomba tutumie maneno, mwili au vitu halisi." Ukijifanya unaona, atapima maendeleo yako kwa kitu kisichokuwapo.

Badala ya ufuko wa kufikirika kuna mengi. Nyayo zote mbili sakafuni, ukizikandamiza na kuzilegeza. Kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, dakika tatu. Kutaja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, vinne unavyoweza kugusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Jiwe au kitambaa mfukoni. Sauti ya mawimbi iliyorekodiwa kweli. Pale mshauri anapotaka ulibadilishe tukio akilini ili lipoteze makali, liandike upya kwa mkono, ulisome mbele yake, au mliigize kwa viti viwili.

Kuna jambo moja mshauri anaweza kulikosea. Kundi lile la Pearson huko Sydney, mwaka 2021, liliwasomesha watu hadithi za kutisha huku likipima jasho la ngozi. Wenye picha walisisimka, wenye afantasia karibu hawakusisimka. Lakini walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yalisisimka sawa. Kwa hiyo ukimsimulia tukio kwa utulivu, asidhani limekwisha. Na akikuuliza kama picha za tukio zinakurudia, ukajibu hapana, msiishie hapo. Mtajie yale yanayokurudia: moyo kwenda mbio ukisikia pikipiki nyuma yako, barabara unayoikwepa, harufu fulani, usingizi unaokatika saa tisa usiku. Hizo ndizo dalili zako za kufuatilia, na ziandikwe kwenye faili lako. Akikataa kubadili mazoezi, una haki ya kuomba mshauri mwingine.